Geti la Mabati

Nilipostaafu nilibeba maboksi mawili ya chaki
(mhasibu wa shule aliangalia pembeni),
nikarudi Nkuhungu, kwenye ua wa mchanga na kuku,
nikaandika getini, upande wa barabara:
“Leo nimelaza mkuku. Mninga. Futi kumi na moja.”

Jioni nikakuta jibu chini yake,
kwa mkaa, herufi zimelala:
“Mkuku ni mnyama gani?”

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, mzaliwa wa Manyoni,
nililijua taruma kwenye kamusi kabla sijalishika;
omo, tezi, foromali,
maneno yaliyofika huku yamekauka kama dagaa.
Niliyaloweka mdomoni mpaka yakalainika.

“Wiki ya nne. Mataruma tisa. La sita limepinda.”
Ndahani, fundi baiskeli, akasoma, akabisha hodi,
akafumba jicho moja kama anayekagua rimu.
“La sita halina kosa. La tano ndilo lililopinda,
hilo linalifuata tu.”
Kweli. Nikafuta, nikasahihisha,
nikajipa alama tatu kwa kumi.

Upepo wa Agosti ukaingia bila hodi,
ukasomba maranda yangu hadi kwa Mama Chibago.
Aliyarudisha kwenye ndoo: “Mali yako.”
Geti nalo likachangamka:
“Nuhu, mvua lini?”
“Kumbe bahari nayo imehamia Dodoma pamoja na wizara?”
“Mwalimu, misumari 11 mara 9 si 98.”
Huyo wa mwisho alikuwa Madeje, darasa la nne.
Nikampa chaki yake.

“Wiki ya kumi na moja. Kalafati: usufi na lami.”
Usufi nilifumua mito miwili,
wangu na wa Lazaro.
Hilo sikuliandika.

Chombo ukitaka kujua kinavuja, kitie majini.
Maji yako Hombolo, mwendo wa gari;
nikageuza hesabu, nikatia maji chomboni.
Masinga akaleta mkokoteni, madumu ishirini,
akamimina akinung'unika
kwamba biashara ni biashara, ila hii ni dhambi.
Kikavuja. Nyuzi nne za maji, karibu na tezi.
Kuku wakazinywa.
“Mivujo minne,” nikaandika. “Mbao huvimba. Subirini.”

Usiku ule bomba la mtaa likakata.

Siku ya pili akaja Mama Chibago na ile ndoo ya maranda.
Hakuniuliza. Alikizunguka chombo, akachagua omo,
akachota kwa adabu, kama mtu anayepakua ugenini.
Nikakimbilia chaki: “Si ya kunywa. Ina lami.”
Wakaja wa kufua, wa kudeki,
wa kuogesha watoto waliotoka na harufu ya barabara mpya.
Foleni ikapita getini, kwa hiyo ikasoma;
watu wasiojua omo wakaanza kuelekezana:
“Wewe chota tezini, huku omo pamejaa.”
Ndahani akachora mstari wa mkaa kwa ndani, kila alfajiri.
Siku ya tatu Masinga akaongeza madumu sita,
nilipofungua kibindo akawa ameshaondoka.

Siku ya tano bomba likakohoa, likatapika matope, likatulia.
Madeje aliandika kabla yangu:
“Mivujo 0. Maji 0. Mwalimu, vyote viwili ni sifuri
lakini havifanani.”
Nilisimama pale muda mrefu,
vumbi la chaki mkononi,
nikitafuta kosa.

Sasa mlingoti uko tayari, mkaratusi.
Tanga ni turubai, pindo moja bado.
Jana nikaandika, mkono ukitetemeka kidogo:
“Jumamosi. Kirikuu saa kumi na mbili. Hombolo.
Sijui kuogelea.”

Asubuhi hii, kwa mkaa,
herufi zimelala:
“Mimi najua.”